Pedali za Gitaa la Umeme na Besi: Mwongozo Kamili wa Kuzilisha Umeme, Kuzipanga na Kuzirekebisha

Harufu ya kwanza niliyoijua kutoka kwenye pedali ya gitaa, kile kisanduku cha kubadili sauti kinachokanyagwa kwa mguu, ilikuwa harufu ya kuungua. Tulikuwa tunajiandaa kupiga harusini, adapta yangu nilikuwa nimeisahau nyumbani, na mpiga kinanda wetu akaniazima ya kwake kwa moyo mmoja. Plagi iliingia bila shida, lakini taa ya pedali haikuwaka, nami nikadhani haijakaa sawasawa nikaisukuma zaidi. Ndipo ukatoka moshi mwembamba kama wa udi. Adapta ile ilikuwa ya volti 12 na chanya yake iko katikati ya plagi, ilhali pedali yangu ilitaka volti 9 na hasi katikati. Tangu usiku huo, mtu akiniuliza aanzie wapi na pedali, simtajii ovadraivu ya kukwaruza sauti wala mwangwi. Namwambia aanze na umeme, kisha nyaya, kisha mpangilio, na rangi za sauti zije baadaye.

Sababu ni kwamba pedali haifanyi kazi peke yake. Inapokea kilichotoka mkononi mwako kupitia gitaa na waya, inakibadilisha, halafu inakikabidhi kwa pedali inayofuata, kwa amplifaya, na hatimaye kwa bendi nzima inayopiga kwa wakati mmoja. Sauti inayokufurahisha chumbani ukiwa peke yako inaweza kupotea kabisa mbele ya ngoma na kinanda, na kosa mara nyingi si la pedali bali ni la mahali ulipoiweka.

Tukubaliane pia namna ya kusoma nobu, yaani vile vitufe vya kuzungusha. Wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani huelekezana kwa mfano wa mshale wa saa ya ukutani, na mfano huo unatufaa sisi kuliko wao: nobu nyingi huanza chini kushoto na kuishia chini kulia, ambayo kwa hesabu yetu ni saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, mchana kamili wa kazi. Saa tatu ni mshale ukielekea kushoto, saa sita ni juu kabisa, na saa tisa ni kulia. Nitatumia saa hizo katika mwongozo wote.

Hatua ya kwanza: umeme

Pedali nyingi za kawaida hutumia volti 9 za mkondo mnyoofu, ule unaoandikwa DC, kupitia plagi ya duara yenye tundu la milimita 2.1 na hasi ikiwa katikati. Alama yake huchorwa kando ya tundu: nukta iliyozungukwa na duara lililo wazi upande mmoja, na nukta hiyo imeunganishwa kwa mstari na ishara ya kutoa. Kabla ya kuchomeka adapta yoyote, soma mambo manne kwenye adapta na kwenye pedali: idadi ya volti, kama ni mkondo mnyoofu au mkondo geu (AC), upande wa hasi, na miliampia, yaani kiasi cha mkondo. Matatu ya kwanza lazima yalingane. La nne linaruhusiwa kuzidi upande wa adapta, kwa kuwa pedali huvuta kiasi inachohitaji tu, kama mtu anywaye kikombe kimoja hata akikuta mtungi umejaa. Lakini adapta ikipungukiwa, pedali itakoroma, itazima na kuwaka, au haitafanya kazi kabisa.

Jihadhari hasa na adapta za ulimwengu mzima, zile zinazouzwa kila duka la vifaa vya umeme kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue, zenye swichi ya kuchagua volti na ncha inayoweza kugeuzwa. Swichi ikisogea ndani ya begi, umebeba balaa. Zaidi ya hapo, nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya redio na taa, si kwa kifaa ambacho sauti yake itakuzwa mara mamia, hivyo huleta mvumo. Zipo pia pedali zisizofuata desturi: baadhi hutaka volti 12 au 18, chache hutaka mkondo geu, na fazi, yaani pedali za mkwaruzo mzito, zilizojengwa kwa transista za jemaniamu kwa mtindo wa miaka ya 1960 mara nyingi huwa na chanya upande wa ardhi, kwa hiyo hazifai kuunganishwa kwenye waya mmoja na nyingine.

Jumlisha miliampia za pedali zako zote. Distosheni (pedali ya mkwaruzo) ya analogia kwa kawaida haifiki miliampia 10. Dilei (pedali ya mwangwi) ya dijitali inaweza kutaka 50 au zaidi, na zile kubwa zenye skrini huvuka 200. Ukipata jumla, ongeza theluthi yake kama akiba. Ukiwa na pedali mbili au tatu za analogia, adapta moja nzuri yenye waya wa mnyororo, unaogawa umeme mmoja kwa pedali zote, inatosha. Ukichanganya za dijitali na za analogia kwenye mnyororo huo, utasikia mlio mwembamba kama wa mbu, kwa sababu saa ya ndani ya pedali ya dijitali inavujisha kelele kwa wenzake kupitia waya wa umeme. Dawa yake ni kisanduku cha umeme ambacho kila tundu limetengwa na mengine. Kwa maoni yangu hicho ndicho kifaa cha pili cha kununua baada ya tyuna, yaani kifaa cha kulinganisha nyuzi, hata kabla ya distosheni unayoitamani.

Betri bado ina nafasi yake, hasa mahali ambapo umeme hukatika katikati ya wimbo au jenereta inapandisha na kushusha volti. Betri ya alkali ya volti 9 hubeba takribani miliampia-saa 500: pedali inayotumia miliampia 5 itadumu kama saa 100, ilhali dilei inayotumia 60 haitakuvusha usiku mmoja mrefu. Kumbuka kuchomoa waya wa gitaa kwenye tundu la kuingilia ukimaliza, kwa sababu kwenye pedali nyingi plagi hiyo ndiyo inayofunga sakiti ya betri, na kuzima taa kwa mguu hakuzuii betri kuisha.

Hatua ya pili: nyaya na mpangilio

Waya wa gitaa una plagi ya milimita 6.35, na ndani yake kuna uzi mmoja uliozungushiwa kinga ya shaba. Kadiri unavyorefuka, ndivyo unavyomeza sauti kali za juu, kwa kuwa kila mita huongeza uwezo wa kuhifadhi chaji unaofanya kazi kama nobu ya toni iliyopunguzwa. Kati ya gitaa na pedali ya kwanza usizidishe mita 6. Kati ya pedali na pedali tumia vipande vifupi vya sentimita 15 hadi 30. Waya wa spika hata kama plagi zake zinafanana usiutumie hapa, kwani hauna kinga na utaokota kila kelele iliyomo chumbani.

Hapa ndipo unapokuja ubishi wa pedali zinazopitisha sauti moja kwa moja zikizimwa, na zile zenye bafa, yaani sakiti ndogo inayoipa sauti nguvu ya kusafiri. Wapo wanaodhani za aina ya kwanza ni bora siku zote. Ukiwa na pedali nane za namna hiyo na zote zimezimwa, sauti yako inasafiri kwenye waya wa mita 12 au zaidi bila msaada, na inafika kwa amplifaya ikiwa imefubaa. Bafa moja nzuri karibu na mwanzo huondoa tatizo hilo. Pedali ndogo za Boss, kwa mfano, zina bafa hata zikiwa zimezimwa, na tyuna ya aina hiyo ikiwekwa mwanzoni hufanya kazi mbili kwa bei ya moja.

Mpangilio ninaoupendekeza kwa anayeanza, kutoka gitaa kwenda amplifaya, ni huu (kila moja nitaieleza mbele): tyuna, wa-wa, oktava, kompresa, ovadraivu, distosheni, kisha korasi na jamaa zake, halafu dilei, na riveba mwisho. Mantiki yake ni rahisi kuikumbuka ukifikiria jikoni, ambako unakaanga kwanza ndipo uweke tui: vinavyokwaruza sauti hutangulia, vinavyoipa nafasi na upana hufuata. Ukiweka dilei kabla ya distosheni, kila mwangwi utakwaruzwa pamoja na noti mpya, na utapata uji. Oktava hukaa mbele kwa sababu inahitaji noti safi ili iitambue. Fazi za mtindo wa zamani ndizo zinazovunja utaratibu: zinataka kuonana na pikapu za gitaa, yaani sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, uso kwa uso, bila bafa katikati, la sivyo hutoa sauti nyembamba yenye kukereza; ziweke mwanzo kabisa, hata kabla ya tyuna yenye bafa.

Pedali ya volumu inaweza kuwekwa mahali pawili, na kila pamoja pana maana yake. Ikiwekwa kabla ya ovadraivu, kuirudisha nyuma kunapunguza mkwaruzo, sawa na kupunguza nobu ya gitaa lenyewe. Ikiwekwa baada ya mikwaruzo lakini kabla ya dilei, inapunguza sauti tu huku rangi ikibaki, na mwangwi uliokwisha kutoka unaendelea kufa kwa utaratibu wake. Kama unapata mkwaruzo kutoka ndani ya amplifaya na amplifaya hiyo ina matundu ya kutoa na kurudisha sauti ("Send" na "Return") upande wa nyuma, peleka korasi, dilei na riveba kwenye matundu hayo.

Kwa ubao wa kubebea, huna haja ya kuagiza ng'ambo. Fundi seremala anaweza kukuundia fremu ya sentimita 60 kwa 30 yenye mbao tatu au nne nyembamba zilizoachiana nafasi, upande wa nyuma ukiwa umeinuliwa kidogo ili mguu ufikie safu ya pili, na nyaya zikipita chini. Pedali zishikwe kwa velkro. Panga kwanza karatasini kwa vipimo halisi, ukikumbuka kwamba plagi za pembeni nazo zinakula sentimita kadhaa.

Hatua ya tatu: tyuna na kompresa

Tyuna haina mjadala. Iweke kwenye A ya Hezi 440, na hakikisha inanyamazisha sauti unapolinganisha nyuzi, kwani hakuna hadhira iliyokuja kusikiliza hilo. Kwenye ukumbi wenye joto, nyuzi hulegea ndani ya nusu saa. Angalia tena baada ya kila nyimbo mbili tatu.

Kompresa hupunguza noti zilizopigwa kwa nguvu na kuinua zilizopigwa kwa wepesi, hivyo mistari ya haraka ya solo inatoka ikiwa sawa kama shanga uzini. Wapiga solo wa rumba na sebene wanaopiga kwa sauti safi hufaidika nayo sana. Anza na nobu ya "Sustain" saa nne, na "Level" mahali ambapo sauti ikiwashwa na ikizimwa inalingana. Ukisikia pumzi ya kelele ikipanda kila unaponyamaza, umezidisha. Kompresa iliyozidi huua mkono: hutaweza tena kusema kwa upole wala kwa ukali.

Hatua ya nne: pedali za mkwaruzo

Pedali ya mkwaruzo ilizaliwa na hitilafu, na la kuwafurahisha wapiga besi ni kwamba hitilafu hiyo ilitokea kwenye gitaa la besi. Mpigaji wa studio Grady Martin alikuwa akirekodi wimbo wa Marty Robbins huko Nashville, wimbo uliotoka mwaka 1961, na besi yake ya nyuzi sita ikapita kwenye njia ya mikisa iliyoharibika, ikatoka ikinguruma kama nyigu ndani ya kopo. Badala ya kuifuta waliiacha. Fundi mitambo Glenn Snoddy akatafuta namna ya kuunda kifaa cha kuleta kelele ile kwa makusudi, na mwaka 1962 kikaingia sokoni kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Kilinunuliwa kwa kusuasua hadi mwaka 1965, Keith Richards wa Rolling Stones alipokitumia, ndipo kikagombaniwa.

Kimsingi pedali hizi zote hukuza mawimbi ya sauti kupita kipimo ambacho sakiti inaweza kubeba, na vilele vya mawimbi hukatwa. Tofauti ni jinsi vinavyokatwa. Ovadraivu, kama Tube Screamer ya Ibanez, huvikata kwa upole, na ukipiga kwa wepesi sauti inarudi kuwa karibu na safi. Distosheni, kama Boss DS-1 ya mwaka 1978 au ProCo RAT, huvikata kwa ukali zaidi, na kila noti inatoka na makwaruzo yale yale hata ukigusa kidogo. Fazi, kama Fuzz Face ya mwaka 1966, huvifyeka hadi wimbi linakuwa karibu na mraba.

Kuirekebisha ovadraivu fuata mpangilio huu. Weka amplifaya kwenye sauti safi unayoipenda. Pedali ikiwa imezimwa, piga kodi moja, yaani noti kadhaa kwa pamoja, uisikie. Iwashe "Drive" ikiwa saa mbili, "Tone" saa sita, na "Level" uizungushe mpaka sauti iwe sawa na ile ya awali. Sasa pandisha "Drive" polepole huku ukipiga kodi yenye noti tatu au nne, si noti moja. Pale ambapo huwezi tena kuzitofautisha noti ndani ya kodi, rudi nyuma robo saa. Hapo ndipo mwisho wako. Kisha rekebisha "Level" tena, kwa sababu kila ulipoongeza "Drive" na ukubwa wa sauti ulipanda, na sikio huhadaika kwa urahisi: kinachosikika kwa nguvu zaidi hudhaniwa kuwa ndicho kizuri zaidi.

Matumizi yenye manufaa zaidi kwa bendi zetu ni ya kinyume: "Drive" ibaki saa mbili, "Level" ipande hadi saa nane. Hapo pedali haikwaruzi sana bali inasukuma, na mpiga solo anajitokeza mbele wakati wake ukifika, halafu anarudi nyuma kwa kugusa mguu. Ikumbukwe kuwa muziki wa dansi na rumba ya Kongo umejengwa juu ya magitaa kadhaa yanayosukana, solo, mi-solo au solo la pili, na ridhimu, kila moja likiwa na eneo lake. Mkwaruzo mzito huongeza masafa mengi mapya kwa kila noti na kujaza maeneo ya wenzako, na msuko ule unafumuka. Mtu anayepiga roki au nyimbo za kuabudu za mtindo wa kisasa ana haki yake ya kunguruma. Kwenye sebene, mkwaruzo uwe wa chumvi tu.

Hatua ya tano: korasi na jamaa zake

Korasi huchukua nakala ya sauti yako, huichelewesha kwa milisekunde chache zipatazo 20, na kuiyumbisha kidogo juu na chini, ili gitaa moja lisikike kama mawili yasiyolingana kwa unywele. Boss walitoa CE-1 mwaka 1976, ikitokana na amplifaya ya Roland Jazz Chorus. Weka "Rate" (kasi ya kuyumba) saa tatu na "Depth" (kina chake) saa nne. Ukizidisha vyote viwili, gitaa lako litasikika kama limelegea nyuzi. Flenja ni ndugu yake mwenye ucheleweshaji mfupi zaidi na sauti ya ndege inayoruka, na feiza, kama MXR Phase 90, huzungusha sauti kwa utaratibu wa kuvuta na kuachia. Hizi mbili ni viungo; wimbo mmoja kwa usiku unatosha. Wa-wa si ya kundi hili hasa, kwa kuwa ni toni unayoiendesha kwa mguu, na kosa la kawaida ni kuikanyaga kila pigo. Jaribu kuiacha nusu njia bila kuisogeza, usikie inavyoipa solo pua.

Hatua ya sita: dilei na riveba

Dilei hurudia ulichopiga baada ya muda fulani. Ina nobu tatu za msingi: muda, idadi ya marudio, na kiasi cha mwangwi kulinganisha na sauti halisi. Muda haupaswi kubahatishwa. Gawa 60,000 kwa mapigo ya wimbo kwa dakika, na utapata milisekunde za pigo moja. Wimbo wa mapigo 120 una pigo la milisekunde 500. Nusu ya pigo ni 250, na robo tatu ni 375. Wimbo wa mapigo 100 una pigo la 600. Ukiiweka dilei kwenye 375 na kupiga nusu pigo kwa utulivu, mwangwi utaingia katikati ya noti zako na utasikika kama mnapiga wawili. Kama pedali ina swichi ya kugongea mapigo, igonge kwa mguu mara nne ukifuata ngoma, lakini usisahau kwamba mpiga ngoma akikimbia, dilei haitamfuata.

Kwa solo ya haraka, muda mfupi wa milisekunde 80 hadi 120, rudio moja, na kiasi kikiwa saa tatu, huipa noti mwili bila kuziparaganya. Kwa mpangilio huo msikilizaji hasemi kwamba kuna mwangwi, lakini ukizima anahisi kuna kitu kimeondoka. Marudio mengi yaache kwa nyimbo za taratibu zenye nafasi.

Riveba huiga chumba. Kabla ya kuiwasha, piga makofi mara moja ukumbini wakati wa majaribio na usikilize. Kumbi zetu nyingi zina paa la bati, kuta tupu na sakafu ya vigae. Chumba chenyewe ni riveba tosha, na ukiongeza ya pedali maneno ya mwimbaji yatazama. Mahali pa wazi, kwenye viwanja na fukwe, hakuna ukuta wa kurudisha sauti, na hapo riveba ndogo, saa tatu hadi saa nne, inapoza ukavu.

Hatua ya saba: mpiga besi ana sheria zake

Uzi mzito wa gitaa la kawaida, E, hulia kwa Hezi 82 hivi. E ya besi ni Hezi 41, na besi ya nyuzi tano ina B ya Hezi 31. Pedali nyingi za gitaa zimebuniwa kukata masafa ya chini ili zisichafue sauti. Tube Screamer, kwa mfano, huanza kupunguza mkwaruzo wa masafa yaliyo chini ya Hezi 720. Kwa gitaa ni busara. Kwa besi ni kung'oa msingi wa nyumba: unawasha pedali, unasikia mkwaruzo mzuri karibu nawe, na huko mbele wachezaji wanashangaa besi imekwenda wapi.

Kwa hiyo tafuta pedali ya besi yenye nobu ya kuchanganya, iliyoandikwa "Blend" au "Mix", ambayo hupitisha sauti safi sambamba na iliyokwaruzwa. Anza na mkwaruzo ukiwa sifuri na sauti safi yote. Ongeza mkwaruzo taratibu wakati ngoma na gitaa la ridhimu vinapiga. Mara tu unapoanza kusikia vidole vyako vizuri zaidi kuliko awali, simama. Mara nyingi itakuwa kabla ya saa tano.

Pedali yangu ya kwanza kwa mpiga besi, baada ya tyuna, ni kompresa. Kama ina nobu zote, weka uwiano wa nne kwa moja, na "Attack" iwe ya polepole kiasi, ili kishindo cha kidole kipite kwanza ndipo sauti ishikwe. Ukiiweka haraka mno, mapigo yatakuwa laini kama yamevikwa godoro, na besi itaacha kuongoza mguu wa mchezaji.

Oktava huongeza sauti ya chini zaidi kwa oktava moja. Zile za analogia, kama Boss OC-2 ya mwaka 1982, hutambua noti moja moja tu, na zikipewa noti za chini sana hugugumia. Ipige kuanzia freti ya 5 kwenda juu, noti moja kwa wakati, na unyamazishe nyuzi nyingine kwa kiganja. Korasi kwenye besi iwe na namna ya kuacha masafa ya chini yapite bila kuguswa. Riveba na dilei ndefu karibu kila mara huleta matope.

Mwisho wa mnyororo wa besi panastahili priamplifaya, yaani kikuza sauti cha awali, yenye tundu la DI, ambalo hupeleka sauti moja kwa moja kwa fundi mitambo kwa waya wa mikrofoni. Kwenye shughuli nyingi hakuna amplifaya ya besi ya maana, na kifaa hiki ndicho kinachokuokoa. Tafuta juu yake swichi ya kukata ardhi. Umeme wa gridi wa Afrika Mashariki huenda kwa Hezi 50, na G ya besi, ile ya freti ya 3 kwenye uzi wa E, ni Hezi 49. Kukiwa na mvumo wa ardhi, piga G hiyo uiache ilie: utasikia sauti ikipanda na kushuka mara moja kila sekunde, mvumo na noti vikisukumana. Bonyeza swichi ya ardhi ya DI, na mara nyingi hali hiyo hutoweka papo hapo. Kamwe usikate waya wa ardhi kwenye plagi ya ukutani ya amplifaya ili kuondoa mvumo. Waya ule uko pale kulinda maisha yako, na wapigaji wamepigwa na umeme kwa kushika gitaa huku midomo ikigusa mikrofoni.

Hatua ya nane: kupima na bendi, na kutafuta hitilafu

Mipangilio yote ya nyumbani ni rasimu. Fika mapema, simama mbali na amplifaya kadiri waya unavyoruhusu, kwa kuwa ukiwa karibu spika inapigia magoti yako na si masikio yako. Wenzako wakiwa wanapiga, washa pedali moja baada ya nyingine na uangalie uso wa mwimbaji. Akigeuka kukutazama, "Level" imezidi. Ukishapata, weka alama ndogo ya rangi ya kucha kwenye kila nobu, kwani begi litazisogeza.

Sauti ikikatika jukwaani, usianze kukanyaga kila kitu. Kwanza tazama taa: zikiwa zimezimika zote, tatizo ni la umeme. Zikiwaka, chomoa waya wa gitaa na uuchomeke moja kwa moja kwenye amplifaya. Ukisikia sauti, gitaa na waya na amplifaya ni wazima. Kisha gawa mnyororo katikati: ukiwa na pedali nane, peleka waya kutoka pedali ya nne hadi amplifaya. Sauti ikitoka, ubovu uko kwenye nne za mwisho. Isipotoka, uko kwenye nne za kwanza. Gawa tena nusu hiyo. Kwa majaribio matatu tu utakuwa umeifikia pedali yenyewe, na mara nyingi utakuta si pedali bali ni kile kipande cha waya cha bei rahisi kinachoiunganisha na jirani yake. Beba vipande viwili vya akiba, na waya mmoja mrefu unaoweza kukupitisha moja kwa moja hadi kwa amplifaya, ili wimbo ulioanza uishe.